Pumzi ya Mama Zuhura

Mjukuu wangu Idi,

Jambo hili sijamwambia mtu nyumbani: ile sauti ya mwanamke katika mdundo niliokutumia ilianza kwa wizi. Natumaini huko Lindi mko salama. Huku mpwa wangu Rehema, mdogo wa mama yako, amejifungua, kwa hiyo mimi wa kidato cha tatu nimepata mjukuu mwingine. Usicheke, ukoo ni ukoo.

Uliuliza sauti ni ya nani. Ni ya Mama Zuhura, muuza mashuka wa mtaani kwetu Kariakoo. Amejirekodi akiita wateja, na spika yake hurudia kutwa. Niliirekodi kwa simu, nikakata pumzi anayovuta kabla ya kusema "mashuka", nikaipanga juu ya ngoma kwenye kompyuta. Ilikaa sawasawa. Lakini asingeridhia ningeufuta mdundo wote, na mimi kuongea na watu ni mtihani.

Nilipita mbele ya meza yake mara tatu.

"We binti, unanunua au unakagua?"

"Shikamoo mama. Nimechukua sauti yako."

"Marahaba. Umeipeleka wapi?"

Nikamvalisha hedifoni. Nilijiandaa kupokea hasira yake. Furaha sikuiwaza kabisa.

"Kumbe hata kuhema naimba!" Akachomoa flashi kwenye spika. "Unganisha simu yako hapa, wasikie!"

Wapagazi walisimama na mizigo yao, wakitikisa mabega.

Mdundo ulipoisha, nilimwomba azime spika, aite wateja kwa mdomo wake. Nikamrekodi mara nne, kisha nikaenda nyumbani kuanza mdundo wa pili.

Bibi yako,
Mwanaidi