Mzee Kabari na Mabehewa Tisa ya Mteremkoni

Mwaka mzima umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ulipoketi kitandani kufunga kamba za viatu na usiinuke tena. Mama alidhani kamba imekatika. Alisubiri kwanza, ndipo akakuita.

Uliingia yadi ya reli ukiwa na miaka kumi na tisa, kazi yako kufunga na kufungua mabehewa. Siku hizo mji mzima uliamshwa na king'ora cha karakana, na waliochelewa kazini walikilaumu hicho hicho. Palikuwa na njia tano za reli na mafundi zaidi ya mia mbili, mikono myeusi kwa grisi. Wenzako walikubandika jina la Kabari, kwa sababu hukuliacha behewa hata dakika moja bila kulisukumia kipande cha mti chini ya gurudumu.

Nyumbani ulikuwa mtu wa utani. Ulimwita Mama Stesheni Masta, ukamwomba ruhusa kila ulipotaka kuondoka mezani. Majirani walikuletea sufuria zilizotoboka, ukaziba, hukumrudisha mtu.

Kisha yadi ikafungwa. Treni ya mwisho iliondoka na mashine, mabati, hata king'ora. Mabehewa tisa yakaachwa njia ya juu, mteremkoni, na chini ya mteremko ule kuna soko na shule ya chekechea. "Wiki ijayo tutayafuata," alisema ofisa aliyekabidhi funguo. Ikapita miaka ishirini na miwili.

Kila siku saa kumi alasiri ulipanda na nyundo yako, ukagonga kabari moja baada ya nyingine. Tulikuonea aibu, Baba, hatukatai. Watu walisema mzee kachanganyikiwa. Mwanao mwashi alikuambia, "Baba, reli ilishakufa." Ukamjibu, "Reli imekufa. Mteremko bado uko."

Halafu ikaja ile siku ya mvua kubwa. Ulipanda kabla ya adhuhuri, ukarudi umeloa chapachapa, ukaniita mimi, binti yako mshonaji, nikaacha cherehani.

"Kabari tatu hazipo," ulisema. "Wauza vyuma chakavu wamezing'oa wakichukua minyororo ya breki. Twende, mikono yangu haitoshi."

Nililigusa behewa la mbele. Lilikuwa linatetemeka. Kisha likalia, likasogea upana wa kidole. Kule chini watoto wa chekechea walikuwa wamepanga mstari waende kwao.

"Usisimame mbele yake," ulisema polepole. "Kaa ubavuni. Likianza kwenda, liache liende. Wewe piga kelele tu."

Uliingiza kipande cha taruma bovu, ule mti unaolazwa chini ya reli, ukapiga nyundo, ikakosa, ukapiga tena. Kiliposhika, tuliketi kwenye matope wote wawili.

Ndipo ukanieleza. Kabla sijazaliwa, wewe na rafiki yako mlipokea behewa la saruji. Wewe ulidhani yeye kalifunga breki, naye akadhani wewe. Likamjia kwa nyuma akiwa ameinama kuandika namba.

"Tangu siku ile siamini breki," ulisema. "Ila mjane wake usimsumbue kwa hili."

Siku tuliyokuzika, watu wakiwa bado uani, mwashi alitazama saa. Kumi na nusu, na hakuna aliyepanda. Tulikimbia na nguo za msiba, Mama nyuma yetu, viatu mkononi. Tangu hapo hofu yako ikawa yetu. Tulipanga zamu, tukaandika barua kwa wakubwa wa reli. Mvua ikianza, hakuna aliyemaliza sahani yake.

Barua ya nane ndiyo iliyojibiwa. Mafundi walikuja na mitungi ya gesi kuyakatakata mabehewa. Mkubwa wao alichungulia chini ya behewa la nne, akatoka anajifuta jasho.

"Breki zote zimeliwa na kutu," alisema. "Haya yameshikwa na vipande vya miti tu. Nani alikuwa anaviweka?"

"Mume wangu," Mama akasema.

Likabaki lile ulilonikataza. Mwezi mzima nilipita mlangoni kwa mjane bila kubisha. Siku nilipoingia, nilisahau hata salamu. Nilimweleza yote. Yeye aliendelea kukunja nguo.

"Alikuja kuniambia mwenyewe, wiki ile ile ya msiba," alisema. "Nilimwambia asikanyage tena hapa. Hasira zilipoisha nikataka kumwita, lakini kila akiniona anavuka barabara. Mimi nami nikaogopa kumfuata. Tumezeeka hivyo, mwanangu, tunaogopana."

Baba, alikusamehe zamani. Ametuomba tukuambie hapa, mbele ya watu, kwa kuwa hakupata kukuambia.

Bado hatujatulia. Saa kumi ikifika mkono wangu unasimama kwenye cherehani, na Mama anatoka mlangoni kutazama juu, ingawa mteremkoni hakuna kitu.

Unakumbukwa na mkeo; mwanao mwashi na mke wake; mimi, binti yako mshonaji; wajukuu zako wanne, wawili wakiwa chekechea; na mjane wa rafiki yako, aliyetaka aandikwe pamoja nasi.

Hatutakusahau, Baba, siku zetu zote.