Utosi wa Chiriku

Nyumba yenye mlango wa bluu,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Dada,

U hali gani huko uliko? Mgongo wako je, umepata nafuu, au bado unawanyanyua peke yako wazee wa watu unaowatunza? Nakuomba usome barua hii ukiwa umekaa, tena ukiwa umekwisha kula.

Sisi huku tunapumua. Mama magoti yanamsumbua, ila ulimi wake mzima kabisa. Jana alimwambia shemeji yako kwamba kiti alichomchongea kinamfaa mgeni usiyetaka arudi. Shemeji yako alicheka, akakibeba kurudi karakana kukipiga randa upya.

Mara tatu umeniuliza kwa nini mwanao anapiga picha na kitambaa kichwani. Mara ya kwanza nilikwambia ni baridi. Mara ya pili nikasema ni mtindo wa wasichana wa siku hizi. Mara ya tatu nilijifanya sikukusikia, nikasingizia simu. Dada, nimechoka kukudanganya.

Utakumbuka kwamba mwezi wa kwanza Chiriku alichaguliwa kughani shairi mbele ya wageni wa shule. Nyumba nzima ililijua shairi lile, hata Mama alikuwa akilighani jikoni. Basi akaniomba nimnyooshe nywele kwa dawa, awe kama wenzake. Nikakataa, nikamwambia miaka kumi na mitatu bado midogo. Akaomba wiki nzima. Jumamosi nikakubali, kwa kuwa nilipenda kumwona akifurahi, na kwa kuwa mimi ni msusi wa miaka kumi na sita na nilijiona najua kazi yangu.

Nilikwisha kumpaka dawa kichwa kizima alipoingia saluni bibi harusi na wapambe wake. Nikamwacha Chiriku kwenye kiti cha pembeni, nikawageukia wao. Baada ya muda akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama mdogo, inachoma."

Nikamjibu bila hata kugeuka, "Vumilia, mwanangu. Nywele hazinyooki kwa kubembelezwa."

Akavumilia. Unamjua mwanao, mtiifu kupita kiasi. Hakusema tena neno, nami nikachukulia ukimya wake kuwa ni salama. Nilipokuja kumwosha, ngozi ya utosini ilitoka pamoja na maji. Alikuwa ameshika mikono ya kile kiti kwa nguvu hata kucha zake ziliacha alama kwenye plastiki. Hakulia, Dada. Mimi ndiye niliyelia, na bibi harusi akaondoka kichwa kikiwa kimesukwa nusu.

Vidonda vilipona kwa wiki tano. Shairi lilighanwa na mtoto mwingine. Utosini pakabaki peupe, pasipo na unywele, kama kiganja, na nywele za pembeni zikawa kavu zinakatika kila chanuo likipita. Nilimsihi Mama asikwambie kitu, kwa kuwa niliamini nitalirekebisha kosa langu mwenyewe kabla hujajua. Vipodozi vya madukani vilinishinda bei, nikaamua kutengeneza dawa hapa hapa nyumbani.

Kila Jumamosi asubuhi nilimfanyia stimingi, kuzilainisha nywele kwa mvuke. Muuza mboga wa mtaani aliniwekea maparachichi yaliyolainika mno, yale ambayo watu hawayataki mezani. Nililiponda moja, nikatia yai, vijiko viwili vya mafuta ya nazi na asali kidogo, kisha nikalichuja kwa kitambaa chepesi, maana nyuzinyuzi zake zikinasa kwenye nywele utazitoa mpaka jioni. Nilimpaka kuanzia kwenye ncha, nikamvika mfuko wa plastiki, na juu yake taulo lililochovywa maji ya moto na kukamuliwa. Nusu saa. Tukibadilisha, ilikuwa mtindi na mafuta ya nyonyo.

Mara ya kwanza nilimwosha kwa maji ya moto, na yai likaiva humo humo kichwani. Tulichambua vipande kama watu wanaookota mchele uliomwagika. Chiriku akasema angalau nimempikia kifungua kinywa. Tulicheka mpaka Mama akaja kuchungulia. Naikumbuka siku ile, kwa kuwa sijamsikia akicheka hivyo tena.

Nywele za pembeni zikaitikia. Zikalainika, zikaacha kukatika, zikang'aa. Wateja wakaona, wakataka na wao. Sasa wanakuja na maparachichi yao kwenye mifuko, na mke wa fundi saa, aliyekuwa hana nywele za kushika kibanio, leo anasuka mpaka mabegani. Ananisifu kila anakopita. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, nami nikiwasikia wakinishukuru natamani ardhi ipasuke. Kila kichwa kinastawi mikononi mwangu isipokuwa kile kimoja nilichokiharibu.

Maana utosi haukuota kitu. Nilikuwa naukagua kwa tochi ya simu, na nikiona kivuli namwambia, "Umeona? Zinaanza." Nilimwambia hivyo miezi mitatu.

Jumatatu iliyopita nilimpeleka kwa daktari wa ngozi. Mama wa makamo, mpole. Alimwangalia kwa kioo cha kukuzia, akapapasa kovu kwa kidole, akaniuliza nimekuwa nikitumia nini. Nikamweleza yote, tena kwa majivuno kidogo, Mungu anisamehe. Akasema si vibaya, niendelee kwa nywele zilizopo, zina afya. Kisha akasema, "Lakini mafuta hulainisha unywele uliopo. Hapa mashina yameungua, mama. Hakuna kitakachoota."

Niliuliza kama kuna sindano, au vidonge, au hospitali nyingine. Akatikisa kichwa. Chiriku alikuwa amekaa katikati yetu akifunga kitambaa chake, akisikia kila neno.

Jana ilikuwa Jumamosi. Sijui nilikuwa nafikiri nini, Dada. Niliamka nikaponda parachichi kama kawaida, nikachemsha maji. Naye akaja, akakaa kwenye kigoda, akainamisha shingo kama alivyozoea. Nilipoweka mkono utosini akaniuliza taratibu, bila hasira, "Mama mdogo, hii unanipaka mimi au unajipaka wewe?"

Nilinawa mikono. Akanisaidia kumwaga maji ya moto, akaniandalia chai, akaenda kufanya kazi zake za shule. Bakuli lilikaa mezani mpaka lile parachichi likageuka jeusi, na Mama akalitupa bila kuniuliza.

Angenitukana ningepumua. Hanilaumu hata kidogo. Ananiamkia asubuhi kama zamani, ananitumikia, anajibu akiulizwa. Ila yule mtoto tuliyempa jina la Chiriku kwa kutofunga mdomo, siku hizi tunakula naye chakula kizima tukisikia vijiko tu.

Makopo ya dawa ya kunyoosha nywele nimeyatoa saluni, sitampaka mtu tena. Najua haisaidii kitu sasa. Ukiamua kumchukua, nitamfungia mizigo mwenyewe. Ukiamua kutosema nami tena, nitaelewa. Uliniachia mtoto mzima.

Nina ombi moja tu, na sijioni nastahili kuomba. Mwalimu wake amemwambia zitaota. Shemeji yako amemwambia zitaota. Mimi nimemwambia hivyo mpaka neno lenyewe limeoza mdomoni mwangu. Ukimpigia simu, najua moyo wa mama utakusukuma umwambie vivyo hivyo. Nakuomba usimwambie. Mwache alie, kama atataka kulia. Hajalia tangu siku ile, nadhani kwa kuwa kila mtu amekuwa akimzuia, na wa kwanza ni mimi.

Mama anakusalimu, anasema usipitishe muda wa kula. Shemeji yako anakusalimu pia. Anashindwa kukuandikia, anasema mkono wake umezoea nyundo. Chiriku hajui kwamba nimekuandikia leo, kwa hiyo salamu zake zitatoka kwake mwenyewe.

Mungu akulinde kazini, na akupe nguvu ya kuyabeba haya niliyokutwisha.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata usiponijibu,

Msusi wenu.