Hukuwa Umelewa, Baba

Ni mwaka mzima sasa, Baba, tangu tukuzike, na jina la ulevi tulilokubandika ndiyo kwanza tunalibandua.

Karakanani walikuita Fundi Milimita. Mlango ulioutengeneza wewe haukukwaruza sakafu. Mteja akisema, "Fundi, hapo panatosha," ulimjibu, "Panakutosha wewe. Mimi jicho bado linaniwasha." Nyumbani ulichonga penseli za wajukuu kwa patasi, moja moja, ukizipuliza vumbi kabla ya kuwapa.

Kisha ukaanza kuburuta miguu. Ukasahau vipimo ulivyoandika muda si mrefu, na siku moja ukarudi suruali imelowa mkojo. Wewe, ambaye pombe hukuwahi hata kuionja! Mama alikunusa mdomo, hakusikia harufu yoyote, akasema basi umekunywa ile isiyonuka. Mimi bintiyo nikaitisha kikao sebuleni.

Baba Mdogo, ambaye chupa ndiyo rafiki yake, peke yake alikutetea. "Jamani, huyu hajanywa. Walevi tunajuana. Mlevi anayumba, huyu miguu imegandia sakafuni. Mpelekeni hospitali." Tukamcheka mpaka akainuka akaenda zake. Shahidi gani huyo, tukasema.

Nawe ukachoka kubishana. "Basi nisameheni, wanangu. Sitakunywa tena." Ukaomba ruhusa ukalale. Tulifurahi, Mungu atusamehe, tukaona kikao kimezaa matunda.

Miezi mitano baadaye ulianguka, na picha ya kichwa ikaonyesha mshipa wa damu wenye kasoro, umetanuka na kubana njia ya maji ya ubongo. Maji yalikuwa yakijaa kichwani muda wote ule tuliokuwa tukikusimanga. "Mlikuwa wapi?" daktari akauliza. "Mapema tungemwekea mrija wa kuyatoa, na huenda angetembea." Mrija uliwekwa, hukuamka. Nilimkasirikia sana yule daktari, na hakuwa na kosa lolote.

Tunaokukumbuka ni mkeo, mimi bintiyo mkubwa, wadogo zangu wawili, wajukuu zako watano, na mdogo wako, ambaye siku hizi akisema neno tunanyamaza tukamsikiliza.

Hatutakusahau maisha yetu yote. Samahani ile ilikuwa yetu kukuomba wewe, Baba, nawe ukafa ukidhani tumekusamehe.