Sekunde za Mtu wa Kijani

Barabara ya Stesheni, Marlbeck
29 Machi 2019

Dada yangu Hester,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Nyonga yako mpya inaendeleaje? Mimi sijambo, ila mgongo unanung'unika kwa kazi ya kufunga vitabu kwenye maboksi.

Nina habari ya kukuchekesha. Nagombea udiwani. Usishtuke, nagombea kwa jina tu. Nikueleze, maana umeishi Kanada miaka arobaini na huenda umesahau mambo yetu. Chama hakipendi karatasi ya kura ikose jina lake, hata katika kata ambayo hakina tumaini. Basi hutafutwa mtu mpole asiye na shughuli, akaandikwa, akakaa kimya, kisha akashindwa kwa adabu. Juzi Beryl Oakden, katibu wa tawi letu, alikuja na fomu mkono mmoja na keki ya limau mkono wa pili.

"Lakini Beryl, mwezi wa sita nahamia kwa dada yangu."

"Ndiyo maana unafaa. Tunnicliffe ameshika kiti hiki miaka ishirini. Hata akimsimamisha mbwa wake, atashinda."

"Na nikishinda mimi?"

Alicheka mpaka makombo ya keki yakamtoka puani.

Sheria inataka wapiga kura kumi wa kata wanidhamini kwa sahihi. Niliwapata mtaa huu huu. Wanane kati yao waliniambia papo hapo kwamba kura yao hawanipi.

Mdogo wako,
Lionel


Lunenburg, Nova Scotia
10 Aprili 2019

Mdogo wangu Lionel,

Nimepata barua yako, na nilipoisoma nilicheka peke yangu jikoni kama mwehu. Nyonga haijambo. Daktari anasema nitembee, mimi namwambia nitatembea Lionel akija. Nje ya mlango sijatoka tangu theluji ya kwanza.

Wewe, diwani! Ulipokuwa na miaka tisa uligombea ukiranja wa darasa ukajisahau, ukampigia kura mwenzako.

Chumba chako nimekipaka rangi ya buluu. Tiketi ni ya tarehe 18 Juni, usije ukasema ulidhani ni Julai. Na uilete saa ya baba, ile ya mfukoni aliyokuwa nayo reli. Tangu mume wangu Gordon afariki, nyumba hii haina kitu kinachogonga isipokuwa bomba.

Dada yako,
Hester


Marlbeck
5 Mei 2019

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na umeketi.

Ijumaa asubuhi nilikuwa juu ya ngazi nikishusha atlasi zangu za shuleni. Beryl akagonga.

"Shuka uvae tai, Lionel."

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Umeshinda."

Kura 914 kwa 897. Tunnicliffe alidai zihesabiwe tena, zikahesabiwa, zikabaki vile vile. Nilifika kwenye ukumbi wa kuhesabia kura nikiwa na vumbi la atlasi kichwani. Aliponipa mkono aliniuliza, "Ulifanyaje?" Nikamwambia kweli tupu, kwamba sijui. Alinitazama kana kwamba namficha dawa ya siri ya babu yangu.

Sasa nikueleze jambo moja, maana ndani yake mna mlango wa kutokea. Mshindi hawi diwani kamili mpaka atie sahihi tamko la kukubali kazi, na amepewa miezi miwili tangu siku ya uchaguzi. Asipotia, kiti kinatangazwa kuwa wazi na uchaguzi unarudiwa. Siku yangu ya mwisho ni 2 Julai. Fomu iko juu ya meko, chini ya saa ya baba. Sijaigusa. Ahadi yangu kwako naikumbuka.

Lakini Hester, watu 914! Nilimfundisha mtoto wa nani, nilimsalimia nani vizuri hivyo? Siwezi kuondoka bila kujua walinichagulia nini.

Mdogo wako,
Lionel


Lunenburg
14 Mei 2019

Lionel,

Natumaini u mzima. Mimi mzima.

Hongera.

Umetaja mlango, basi upite. Udiwani ni miaka minne. Mimi nina sabini na tisa.

Hester


Marlbeck
2 Juni 2019

Dada yangu,

Barua yako niliisoma mara nyingi kuliko urefu wake. Sikujibu upesi kwa sababu nilikwenda kulitafuta jibu kwa watu.

Nimefanya kampeni, Dada, wiki tatu baada ya kushinda. Nimegonga mlango baada ya mlango nikiuliza, "Samahani, kama ulinipigia kura, ilikuwa kwa nini?" Mleta barua alisema jina langu lilikuwa la kwanza kwenye karatasi. Ndiyo faida ya kuzaliwa Ablett, majina hupangwa kwa alfabeti. Mama mmoja alisema nilimfundisha mwanawe ramani na mpaka leo hapotei. Mzee wa nyumba yenye mlango mwekundu alinifokea, "Nilikuchagua kwa sababu wewe peke yako hukuja kunisumbua mlangoni. Sasa umeniharibia!"

Kisha nikafika kwa Bi Pargeter. Ana miaka themanini na mmoja, na anakaa upande wetu wa barabara, mkabala na duka la dawa.

"Mimi sikukupigia wewe," akasema. "Nilimpigia mtu yeyote asiyekuwa Tunnicliffe, na wewe ulikuwa juu. Lakini madhali umekuja, una saa?"

Nilikuwa na saa ya baba mfukoni. Tukatoka hadi kwenye taa ya kuvukia. Mtu wa kijani, ile picha ya taa inayoruhusu kuvuka, akawaka, nikahesabu. Sekunde nane. Bi Pargeter na mkongojo wake alikuwa hajafika katikati, na gari la mkate lilishaanza kumpigia honi. Nilimvusha nikiwa nimeinua mkono kama askari wa barabarani. Safari nzima ilichukua sekunde kumi na tisa.

"Siku nyingine unavukaje?" nikamuuliza.

"Naita teksi."

"Ya kwenda wapi?"

"Pale." Akaelekeza mkongojo kwenye duka la dawa. "Tunnicliffe aliniambia taa inafuata vipimo. Nami nikamwambia, basi njoo unipime."

Nimeiandikia idara ya barabara ya halmashauri. Wamejibu kwamba maombi ya namna hiyo yaletwe na diwani wa kata. Diwani wa kata, kwa sasa, ni karatasi isiyo na sahihi juu ya meko.

Sikufichi. Tiketi nimeisogeza hadi 3 Julai, siku moja baada ya mwisho wa fomu. Fomu bado haina sahihi. Wewe uliniosha uso na kunifunga viatu mama alipokuwa hospitali. Ukiniandikia "njoo", nitakuja, na sitakulaumu hata kimoyomoyo. Ila niandikie.

Mdogo wako,
Lionel


Lunenburg
15 Juni 2019

Mdogo wangu,

Salamu. Siku tatu sikukujibu kwa hasira. Nilimtukana Bi Pargeter wako, ambaye hajanikosea kitu, na nikalitukana gari la mkate.

Siku ya nne nikajiuliza, je, mimi? Nikachukua mkongojo nikatoka. Ndiyo, nilitoka, peke yangu, mpaka taa ya kuvukia karibu na posta. Bwana Zwicker wa duka la samaki alikuwa mlangoni, nikamwomba anihesabie.

"Ishirini na mbili, Bi Hester," akasema. "Na nimekupendelea."

"Hesabu vizuri, wewe!"

Tukarudia. Ishirini na mbili. Nilikaa kwenye benchi lake nikipumua, na ndipo nilipojua kwamba tangu theluji nimekuwa nikikungoja uje unishike mkono ili nifike posta. Barua hii naipeleka posta mwenyewe.

Tia sahihi, Lionel. Chumba cha buluu nitakiwekea cherehani yangu.

Lakini usidhani nimekusamehe. Kama kumbukumbu yangu ni nzuri, stesheni iko upande wa duka la dawa na nyumba yako iko upande wa Bi Pargeter. Sitashuka kwenye treni nivushwe kwa teksi kama mzigo. Siku mtu wenu wa kijani atakapokaa sekunde ishirini na mbili, niandikie. Nitakuja mimi.

Dada yako,
Hester


Marlbeck
2 Julai 2019

Dada,

U hali gani? Barua yako imefika jana. Leo nimetia sahihi mbele ya ofisa wa halmashauri, naye akanikopesha kalamu kwa sababu yangu ilikataa. Sahihi yenyewe ilikuwa mstari mmoja tu. Nilipotoka nilikwenda kusimama kwenye taa. Bado ni sekunde nane.

Mdogo wako,
Lionel


Marlbeck
21 Novemba 2019

Dada yangu Hester,

Natumaini nyonga haijambo, na Bwana Zwicker pia.

Mafundi wa taa wameondoka saa nne asubuhi. Mimi na Bi Pargeter tumepima mara tano kwa saa ya baba. Ni ishirini na tatu. Hiyo moja ya ziada niliiombea begi lako.

Mdogo wako,
Lionel