Pikapu Lazima Isimame

Jumatatu, 8 Julai 2024
Amekubali! Mume wangu amekubali! Siyo kwa roho safi, lakini amekubali. Pikapu ya marehemu baba yake haikatwi leo. Yule jamaa wa vyuma chakavu kaambiwa aje Jumamosi jioni. Sharti ni moja: Jumamosi asubuhi niishushe mteremko wa Matogoro, uleule ambao breki zilimfelia mwaka juzi, gari likapinduka, akavunjika mguu. Ikisimama, inabaki. Isiposimama, nimfungulie mnunuzi geti mimi mwenyewe.

Sawa! Nimekulia gereji ya baba yangu Namtumbo, chini ya malori ya tumbaku. Huyu mwanaume ananijua au ananisikia?

Jumanne, 9 Julai
Baridi ya kukata masikio. Nimevaa suruali yake ya zamani, nikaingia chini. Gari la mwaka sabini na nne — kila nati imeota kutu. Gurudumu la nyuma limegoma kutoka. Nimelibembeleza, nimelitukana, nimelipiga nyundo. Likatoka! Na ugonjwa nimeuona: paipu ya breki imeliwa na kutu, ina kitundu cha kupitisha sindano. Mafuta yote yalivujia hapo siku ile. Kumbe ni kijipaipu tu!

Nikamwita mume wangu, Baba Athanasi, aone. Alikuwa barazani anapukuchua mahindi. Akasema anaona kutoka hapohapo. Muongo mkubwa. Tangu ile ajali hajaligusa hili gari hata kwa kidole.

Alhamisi, 11 Julai
Abasi wa duka la spea, Majengo, kanipatia paipu, raba mpya na mafuta ya breki. Akauliza fundi wangu nani. Nikamwambia unaongea naye. Alicheka weee, halafu akaniongezea raba moja ya akiba.

Nimefunga zote. Nimekanyaga pedeli — ikazama mpaka chini! Upepo huo, umo ndani ya paipu. Kuutoa ni kazi ya watu wawili: mmoja anakanyaga, mwingine yuko chini anafungua kinati, upepo unatoka, anafunga, ndipo wa juu anaachia. Mimi niko peke yangu. Nimejaribu kukandamiza pedeli kwa mwiko wa ugali. Mwiko umevunjika.

Ijumaa, 12 Julai
Zuhura wa jirani kaja kunikanyagia, Mungu ambariki. Lakini domo! Anasimulia harusi ya kwao Tunduru, mguu unaachia kabla sijafunga, upepo unarudi wote. Akaenda zake kupika. Nikatoka chini nimelowa mafuta, nikakaa juu ya tairi nikalia kwa hasira. Kesho ndiyo kesho, na pedeli laini kama uji.

Mara nikasikia mlango wa gari. Baba Athanasi! Amekaa kwenye usukani, jasho linamtoka na baridi yote hii.

"Niambie nikanyage saa ngapi," akasema.

Yesu na Maria! Nikarudi chini mbiombio asije akaghairi. Kanyaga. Shikilia. Achia. Kanyaga tena. Hakukosea hata mara moja. Tukazunguka magurudumu yote manne. Mwisho pedeli ikawa ngumu — ngumu kabisa! Nimeimba jikoni mpaka maharage yakaungua, na wala sijali.

Jumamosi, 13 Julai
Juu ya mteremko. Injini inanguruma, handibreki nimeivuta. Uani pikapu imesimama kila mara, lakini uani siyo Matogoro. Naandika juu ya usukani kwa sababu Baba Athanasi anashuka kwa miguu, na anachechemea, hawezi haraka. Tumekubaliana akae pembeni kwenye majani, aangalie tu. Barabara tupu. Nina hamu mpaka meno yanagongana!

Amefika. Mbona hakai pembeni? Amesimama katikati ya barabara, palepale gari lilipopinduka. Nimempungia asogee. Nimepiga honi. Nimepiga tena. Kakunja mikono kifuani.

Simu inaita. Ni yeye.

"Njoo, Mama Athanasi," anasema. "Mimi sisogei. Nakusubiri hapahapa."

Mwanaume mkaidi huyu! Kichaa! Nimemkatia simu. Nalia, nacheka, sijui nafanya lipi. Bado amesimama. Haya — natoa handibreki.