Sakafu ya Bi Mize

Jumatatu, 4 Novemba

Nimetoka bandarini Mkoani. Habari ya gati imekwenda, fupi, bila sifa kwa mtu. Nikiwa kwenye chakula mhariri kapiga simu kutoka Dar es Salaam. Kampuni moja ya sabuni inataka kufanya sherehe ya mwaka ya mawakala wake huku Pemba. Miaka yote huwa Unguja. Wamemtuma mpangaji wao, msichana anaitwa Neema. Nimtembeze.

Nimesema mimi ni mwandishi, si mtembeza wageni. Kasema anajua. Nimekubali kwa sharti: sipokei kitu, na nikiona kibaya nakiandika.

Neema nimemkuta Madungu, nyumba ya wageni, viatu vimelowa. Mkurugenzi wake alialikwa Ulaya kwenye karamu ndani ya kiwanda cha pombe kali. Mitambo ya shaba pande zote, meza katikati. Kapenda, anataka mahali pa namna hiyo. Nimemwambia kiwanda cha pombe huku hakuna, na kingekuwepo mawakala wake wa Pemba wasingekanyaga. Halafu kauliza, baa kubwa je? Nimemwambia apumzike.

Jumanne, 5 Novemba

Tumezunguka. Ukumbi wa Chake una mwangwi, feni hazizunguki. Hoteli ya ufukweni nzuri, lakini Neema mwenyewe kasema inafanana na za Unguja, sasa watu wavuke bahari kufuata nini. Hoja nzuri. Nimeanza kumheshimu.

Mchana nikampeleka Kengeja, kwenye kiwanda cha ushirika wa wanawake. Nilikwishaandika habari zao zamani. Wanakeneka mafuta ya majani ya mkarafuu na ya mchaichai. Tangi la shaba, moto chini, mvuke unapita kwenye bomba lililozamishwa majini, mafuta yanatoka tone kwa tone. Banda la bati. Mbele yake sakafu ya saruji, pana, safi.

Neema kasimama mbele ya tangi kama mtu aliyekutana na jamaa yake. "Ni hapa. Ila hakuna pombe."

Bi Mize, mwenyekiti wao, kamjibu: "Harufu yote hii, mwanangu, na pombe tena ya nini?"

Tangi lilikuwa baridi. Bi Mize kanivuta pembeni. Mnunuzi wao hajaonekana tangu masika. Asipopatikana mwengine hadi mwisho wa mwaka, tangi litauzwa kwa wakusanya vyuma na wanawake watarudi kuvunja kokoto. Hakuniomba lolote. Kasema tu nijue.

Kampuni ya sabuni inahitaji mafuta yenye harufu. Haihitaji akili nyingi kuona.

Sakafu Neema kaipima kwa hatua. Jukwaa huku, meza kule. Bi Mize kamweleza kuwa msimu huu majirani huanika karafuu zao hapo, lakini atawaomba siku hiyo waanike majumbani. Wamepeana mikono.

Alhamisi, 7 Novemba

Mkurugenzi kakataa. Hoteli ya Unguja imeshikiliwa hadi kesho. Neema kanipa simu niseme naye.

Nimemwambia Mkurugenzi yaliyopo na yasiyokuwepo. Barabara ya mwisho ni mbovu. Vyoo ni safi. Pombe hakuna wala haitaingia. Tangi ni la shaba kama yale ya Ulaya, dogo zaidi, na wanaoliendesha wanalijua kwa kulisikiliza tu. Kauliza kwa nini aache hoteli. Nimesema, "Bwana, wewe unauza harufu. Njoo uone inakotoka."

Kacheka. Kakubali.

Sikujisifu mbele ya Neema. Hapa naweza: nimefurahi sana.

Jumapili, 10 Novemba

Mvua tangu juzi. Wachumaji hawakuacha, karafuu zimewiva na zikingojewa zinafunguka maua, hazifai tena. Kwa hiyo zinachumwa zinalowa, zinaingizwa ndani, zinalundikana. Karafuu mbichi ikilundikana hupata joto, inageuka nyeupe, inaoza. Nyumba niliyopita leo watu wamelala ukumbini, vyumba wameziachia karafuu.

Jumanne, 12 Novemba

Mvua. Simu ya Neema. Mvua.

Ijumaa, 15 Novemba

Imekatika baada ya swala. Neema na wafungaji wake wamefunga mapambo barazani kwa Bi Mize hadi Magharibi. Meza zitapangwa kesho mapema. Wanawake wamelijaza tangi mchaichai, watawasha wageni wakikaribia. Nimerudi Madungu nimechoka. Nina wasiwasi, sijui wa nini.

Jumamosi, 16 Novemba

Jua kali tangu lilipochomoza. Ndio wasiwasi wenyewe.

Nimefika Kengeja mapema. Sakafu yote karafuu. Majamvi ukingo hadi ukingo, hakuna pa kuweka hata kigoda. Meza za Neema zimeegemezwa kwenye ukuta wa banda. Watu wamekuja tangu alfajiri na mapakacha yao, na hakuna aliyerudishwa. Huku mwenye karafuu mbichi hafukuzwi siku ya jua, hata kama sakafu si yake, hata kama mmegombana.

Neema analia kwa hasira. "Bi Mize, si uliniahidi? Tulipeana mkono!"

"Nilikuahidi, na nilipokuahidi kulikuwa na jua. Hizi karafuu zaoza, mwanangu. Wageni wako wana miguu, watasogea. Karafuu zitasogea wapi?"

Neema kanigeukia mimi. Ningeweza kumwambia Bi Mize akumbuke tangi, akumbuke kokoto. Anakumbuka kuliko mimi. Alikuwa amekwishachagua na uso wake haukuwa na shaka. Nimemwambia Neema apange viti kuzunguka sakafu pande tatu, jukwaa likae upande wa nne, karafuu zibaki katikati. Kaniangalia kama mtu anayemtazama mwendawazimu. Halafu kavua viatu, kaanza kuburuta viti.

Wageni wamefika na boti ya asubuhi, magari yamewaleta kutoka Mkoani. Wakala mmoja wa Unguja, Bwana Suleiman, mnene, mcheshi, kasimama ukingoni mwa sakafu: "Wapemba nyie! Mmetuita karamuni, mnatuanika na karafuu?"

Wakala wa Chake kamwambia, "Kaa hapo ukauke. Umekuja mbichi."

Watu wamecheka. Mkurugenzi hakucheka. Katazama viti, katazama Neema, kakata moja kwa moja kwenda jukwaani, juu ya majamvi. Bibi mmoja kamdaka kiwiko. "Viatu, baba, viatu!" Kavivua mbele ya mawakala wake wote, karibu mia, kavishika mkononi. Neema kafumba macho. Nami nikajiambia basi, tangi limeuzwa.

Hotuba ikaanza. Ndefu, ya kusoma. Katikati yake upepo ukageuka. Nikaona wingu limesimama upande wa kusini, jeusi chini. Bi Mize alikwishaliona kabla yangu. Hakuomba radhi kwa yeyote. Kasimama mlangoni mwa banda, kapaza sauti mara moja.

"Anueni!"

Mawakala wa Pemba wameinuka wote pamoja. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Bwana Suleiman kapandisha kanzu, kaifunga kiunoni, keshashika pembe ya jamvi anatukana kwa mzaha. Wa bara wamebaki vitini, hawaelewi. Mkurugenzi kabaki na kipaza sauti, viti vingi mbele yake vitupu. Nilimwona vizuri, nilikuwa karibu yake na kamera machoni. Alidhani wamemsusia. Uso ulimvimba.

Ilikuwa picha. Mkurugenzi peke yake jukwaani, miguu mitupu, na nyuma yake suti na kanzu zinakimbia na majamvi. Sijawahi kuona nzuri kama hiyo. Sijawahi kuiweka kamera chini kwa ajili ya mtu, hata kwenye moto, hata kwenye msiba.

Miguuni pangu palikuwa na pembe ya jamvi isiyo na mtu. Upande wa pili bibi yule wa viatu, peke yake, anavuta. Nimeiachia kamera shingoni, nimeshika.

Hapo ndipo Mkurugenzi alipofahamu. Kalaza kipaza sauti juu ya kiti, kashuka, kashika pembe ya tatu. Neema ya nne. Bibi kawaambia, "Inueni sawa, msizimwage!" Wakainua sawa. Wa bara kuona hivyo nao wakaingia. Tumekimbia. Jamvi la karafuu ni zito, na wabebaji wasiozoeana huenda ubavu kama kaa. Mvua imeanguka jamvi la mwisho likiwa mlangoni.

Sherehe imemaliziwa ndani ya banda. Watu wamebanana baina ya malundo ya karafuu na tangi la moto, nguo zinatoa mvuke, mafuta yanadondoka kwenye chupa. Sahani za pilau zimepita juu ya vichwa. Hotuba ilikuwa imelowa, haisomeki. Mkurugenzi kazungumza bila karatasi, sauti ya kawaida. Kasema kwao wakianua mahindi hivyo hivyo, na kwamba hajaanua kitu chochote tangu alipokwenda mjini. Kisha kawataja mawakala bora. Wa kwanza ni yule wa Chake. Banda lilitaka kuezuka.

Mwisho kainusa ile chupa, muda mrefu. Kamuuliza Bi Mize wanaweza kutoa mafuta kiasi gani.

"Wewe wataka kiasi gani?"

Kasema atamleta mtu wake wa manunuzi. Hakusema zaidi, na mimi siandiki zaidi ya alilosema. Hajanunua.

Wakati wa kuondoka katafuta viatu vyake. Bibi alikuwa amevihifadhi juu ya rafu ya chupa, mahali pakavu.

Naona fahari, niandike tu. Nimewaandika watu wa kisiwa hiki kwenye njaa, kwenye uchaguzi, kwenye ajali. Leo walikuwa na la kupoteza na hawakujipendekeza.

Jumapili, 17 Novemba

Nimepeleka habari. Mhariri kaipenda. Kataka picha ya mvua. Nimemwambia sina. Kauliza, ulikuwepo? Nilikuwepo. Na kamera? Nilikuwa nayo. Sasa ilikuwaje?

"Mikono ilikuwa na kazi."

Kachagua picha ya tangi.

Neema kaondoka na boti ya asubuhi. Nimemsindikiza hadi Mkoani. Kanunua jamvi, kalibeba kichwani mwenyewe, wachukuzi wamemzomea kwa furaha.

Jumatatu, 25 Novemba

Hakuna simu kutoka Kengeja. Sitapiga mimi. Nikipiga nitakuwa nawaongezea mzigo.

Mikono bado inauma.

Jumamosi, 30 Novemba

Nimekwenda kusini kwa habari ya kisima. Maji yametoka, mwenyekiti wa kamati kazungumza sana. Kurudi nimepitia Kengeja.

Harufu imenipokea kabla ya kona. Mchaichai na majani ya mkarafuu, pamoja. Moshi mwembamba juu ya banda. Madumu matupu yamepangwa ukutani, yana jina la kampuni ya sabuni. Sakafuni karafuu zimekauka, zimekuwa za rangi ya kahawia nyekundu, watoto wa kike wanazigeuza kwa miguu. Bi Mize alikuwa anachochea kuni. Kaniona, kanyanyua mkono, karudi kwenye moto wake. Alikuwa na kazi. Sikusimama.

Jioni nimesafisha mkoba wa kamera. Chini kabisa kulikuwa na karafuu moja, imekauka vizuri, kichwa kizima.

Nimeitia kwenye chai.