Wimbo wa Mama Nimeupeleka Dukani

Ghorofa ya pili, mlango wa kijani,
Tarehe 6 Desemba.

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, na mgongo umeanza kukupa nafasi ya kulala. Shemeji anaendeleaje na kikohozi chake? Mwambie aache kujifanya daktari, aende akapimwe. Na wanangu wawili, yule mrefu na yule mwenye maneno mengi, shule zinaendaje? Waambie mama yao mdogo anawawaza, hata akikaa kimya miezi miwili.

Sisi huku tunajikokota. Shemeji yako yuko na mabomba yake kama kawaida. Wiki hii yote anazibua mifereji ya jengo moja la maofisi, na akirudi namvua viatu mlangoni kama mtoto, maana harufu yake, jamani, usiombe. Watoto wako salama, wanakula na kugombana.

Mimi mwenyewe nimechoka, dada. Si ule uchovu wa kusema nikilala utaisha. Nimechoka hadi mtu akiniuliza nimechokaje naona uvivu kumjibu.

Bado niko supamaketi, kaunta namba nne, ile iliyo mkabala na mafriji. Kile kigoda changu kilivunjika mwezi wa sita, nikaambiwa kipya kinakuja, na mpaka leo kinakuja. Kwa hiyo nasimama kutwa nzima. Jioni miguu inavimba hadi nimeanza kuvaa viatu vya shemeji yako kwenda kutupa takataka.

Halafu tangu tarehe mosi Novemba tumefunguliwa nyimbo za Krismasi. Ni nyimbo ishirini na mbili kwenye flashi moja, zikiisha zinaanza upya. Mteja anasikia mbili tatu, anachangamka, anaondoka na mifuko yake akipiga mluzi. Sisi tunabaki nazo. Kwa zamu moja Mtoto anazaliwa mara sita, na mimi bado niko kaunta namba nne naulizia kama mtu ana kadi ya punguzo.

Utajiuliza kwa nini naandika barua wakati simu ipo. Hiyo simu nimeishika mara tatu nikairudisha mezani. Ungenisikia napapasa maneno, ungejua kabla sijasema, na ungenyamaza vile unavyonyamaza wewe. Sasa muuguzi wa hapa chini anasafiri Jumatatu kuja mji wako, nikaona bora nimpe karatasi.

Dada, ule wimbo wa mama nimeupeleka dukani.

Ndiyo, wimbo wetu wa saa tatu. Ule ule ambao mwalimu wa kwaya aliutunga mwenyewe na fundi redio akaurekodi siku ya mazoezi, benchi likiburuzwa na mtu akikohoa huko nyuma. Ule ambao mama anauwahi ubeti wa tatu peke yake, anajishtukia, anacheka, kisha wenzake wote wanamfuata. Kanda yenyewe ililiwa na redio ya mjomba, zikabaki flashi mbili, moja yako na moja yangu. Siku unaondoka ulinishika mkono ukaniambia, "Usimpe mtu." Nikakuapia, tena mbele ya mama mwenyewe, akatucheka.

Najua kilichomo humo ni nini kwako. Mama ametutoka huu mwaka wa nne, na wewe hukuweza kuja kumzika. Silitaji hilo ili nikuumize. Nalitaja ili ujue nilichofanya nilikifanya nikijua. Kila Krismasi saa tatu asubuhi simu inalia, mwaka mmoja unauweka wewe, mwaka mwingine nauweka mimi, tunasikiliza hatusemi kitu mpaka uishe, ndipo tunatakiana heri. Shemeji yako anajua, ikifika saa tatu anawatoa watoto nje. Mwaka jana uliuweka wewe. Mwaka huu ni zamu yangu, na siwezi.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Tuna meneja mpya tunamwita Bwana Ofa, kwa sababu hawezi kumaliza sentensi bila hilo neno. Si mtu mbaya. Wiki ya pili ya Novemba alitukusanya kabla ya kufungua milango, akatuona tulivyokunja nyuso, akasema kila mfanyakazi anaruhusiwa kuleta wimbo mmoja wa Krismasi anaoupenda, uongezwe kwenye flashi, ili na sisi tujisikie tuko nyumbani. Wenzangu walifurahi sana. Muuza nyama alileta wake siku hiyo hiyo mchana.

Mimi nilikaa siku mbili nikibishana na nafsi. Sikukuuliza. Nilijua ungekataa, ndiyo maana sikukuuliza, niseme ukweli. Nilijiambia mama hatapungua kitu. Nilijiambia nikimsikia pale kaunta miguu haitauma hivi. Dada, nilikuwa nimechoka, nilitaka mtu wangu awe pale na mimi, basi.

Siku ya kwanza, weee! Mama aliingia juu ya mafriji na masabuni, na duka zima likatulia. Au nilidhani limetulia. Muuza nyama aliweka kisu chini. Kulikuwa na bibi mmoja wa fimbo mbele yangu, akainua kichwa akaniuliza, "Huyu anayecheka ni nani?"

Nikamwambia ni marehemu mama yangu.

"Anaonekana alikuwa mtu wa watu," akasema.

Kwa furaha niliyokuwa nayo nilimwekea mayai chini na viazi juu yake. Tulibadilisha trei nzima, na bibi wa watu hakununa.

Wiki ile nilikuwa mwingine kabisa. Nikisikia tu wimbo ulio kabla ya wake, naanza kujiweka sawa, kama mtu anayesubiri mgeni. Hata shemeji yako aliniuliza nimeokota nini njiani.

Halafu likaja tangazo la sabuni. Wamelipachika kwenye flashi hiyo hiyo, na kwa mpango wanaoujua wao limeangukia palepale. Mama anamaliza ubeti wa pili, anavuta pumzi, sauti inashushwa, na yule dada wa tangazo anaingia: "Wateja wetu wapendwa, chukua mbili upate ya tatu!" Likiisha na sauti ikipandishwa, mama ameshacheka, kwaya imeshamfuata, sisi tumepitwa. Kila mzunguko, kila siku.

Wenzangu wakaanza kufanya mzaha. Keshia wa kaunta namba mbili anajua kumwiga mama vizuri kweli, ile pumzi, halafu anamalizia na sabuni. Hakuwa na nia mbaya, ni mtu wa masihara tu. Kila mtu alicheka. Na mimi nilicheka, dada, tena kwa sauti. Nilipofika nyumbani ndipo nikaona haya.

Nilimfuata Bwana Ofa nikamwomba autoe. Alishangaa kweli. "Mama, huo ndio wateja wanaupenda kuliko yote! Kuna watu wanauliza unauzwa wapi!" Nikamwambia hauuzwi. Akaniambia basi niandike barua ya maombi kwa ofisi. Nimeandika. Imewekwa kwenye faili, na faili limewekwa kabatini, na mwenye ufunguo yuko likizo mpaka Januari.

Jumapili iliyopita nikasema nijisafishe masikio. Nilifunga mlango, nikaweka flashi yangu kwenye redio, ile yenyewe, isiyo na tangazo. Nikakaa kitandani nikatulia. Ubeti wa kwanza sawa, wa pili sawa. Mama alipovuta pumzi, mdomo wangu mwenyewe ukasema, "Wateja wetu wapendwa." Hakuna aliyeusukuma. Ulisema wenyewe. Nikazima nikakaa pale mpaka watoto waliponigongea wanataka kula.

Na hilo bado lilikuwa na nafuu. Alhamisi muuza nyama alipita kwenye kaunta yangu anakwenda kunywa chai, akaniambia, "Leo mama yako ameimba, bwana!"

Nikamuuliza saa ngapi.

"Si sasa hivi? Ulikuwa umeinamia hapo hapo kwenye mashine."

Nilikuwa napitisha makopo ya mteja. Mama aliimba juu ya kichwa changu, dakika nne nzima, mwanzo hadi mwisho, na sikusikia. Nikaomba ruhusa nikaingia chooni nikalia na koti la kazi mdomoni. Nilipomzika nililia na watu, kulikuwa na wa kunishika. Safari hii nililia peke yangu, na aliyempoteza ni mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii.

Sasa sikiliza, hili ndilo la haraka. Binti wa mjomba, huyu wa kujipiga picha kila mahali, alikuja dukani na toroli lake, akausikia wimbo, akajirekodi video anacheza katikati ya mafriji. Mama anaimba, sabuni inaingia, yeye anaruka. Ameipenda mno. Anataka kuituma kwa ukoo mzima asubuhi ya Krismasi, eti salamu za familia. Nimembembeleza nusu saa. Anasema mimi mzito, mama angefurahi. Labda kweli angefurahi, mama alikuwa hana makuu. Lakini wewe, nakuomba, ikikufikia usiifungue. Ifute kama ilivyo. Mimi imeshaniingia, haitoki. Wewe wimbo wako bado mzima.

Nigombeze. Ninastahili. Ukitaka kunigombeza kwa simu, Jumapili mchana niko nyumbani. Usinyamaze tu. Huko kunyamaza kwako nimekuogopa tangu utotoni, ulipokuwa ukinisusia nikivunja vitu vyako, na hiki ni kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kuvunja. Nisamehe, dada.

Mambo mengine. Shangazi ametolewa ule ukungu wa macho na sasa anaona vizuri. Jambo la kwanza alilosema alipofunguliwa bandeji ni kwamba wote tumezeeka na hakuna aliyemwambia. Amemkagua shemeji yako mvi moja moja. Anakusalimu, anasema tuma picha, lakini ya mbali kidogo.

Rangi ya sebuleni imeanza kubanduka upande wa dirisha. Lile kabati lako nimelifuta vumbi, hakuna aliyeligusa.

Krismasi yenyewe ninapumzika, nashukuru. Mkesha niko kazini mpaka saa kumi na mbili jioni, na kesho yake ya sikukuu narudi kubandua mapambo na kubandika bei mpya. Bwana Ofa ameahidi kigoda. Mimi sina tena nguvu ya kumbishia.

Nisalimie shemeji kwa heshima zote, nisalimie Mrefu na Mwenye Maneno, na yule rafiki yako fundi cherehani aliyeniletea kitambaa mwaka juzi, mwambie bado nakivaa. Huku shangazi, mjomba na shemeji yako wanakusalimu sana, na watoto wote wanamsalimu mama yao mkubwa. Mungu akushike mkono huko uliko, akupe afya, na akulainishie moyo utakapofika mwisho wa karatasi hii.

Sasa ombi langu. Krismasi saa tatu nipigie kama siku zote, hata kama utakuwa umenikasirikia. Najua ni zamu yangu, ichukue wewe. Lakini usiisogeze simu kwenye redio. Tafuta vile visikizi vya kuweka masikioni, uusikilize wewe peke yako, tangu mwanzo, na simu uishike karibu na wewe. Mimi nitakuwa upande wa pili, sitasema neno. Sitaki kuusikia. Nataka kukusikia wewe unamsikia.

Ukiisha, usinitakie heri kwanza. Niambie tu kama bado yumo.

Mimi mdogo wako, akupendaye hata leo anapokuogopa,

Kasuku